Nani Aanze Kusema? Historia ya Maoni Katika Minada ya Mtandaoni



Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tumegeuka mawakala wa jamaa zetu bila ya kutia saini mkataba wowote. Simu inalia Jumamosi asubuhi: mjomba wa Tanga anatafuta taa ya nyuma ya gari lake, dada wa Mombasa anataka cherehani ya aina fulani, mpwa wa Unguja anaulizia kamera iliyotumika. Tunaingia katika mnada wa mtandaoni, tunataja bei, tunashinda, tunalipa, na baada ya siku chache mzigo unagonga mlango. Kisha linabaki jambo moja dogo ambalo hakuna aliyetufundisha: sisi kuandika maoni juu ya muuzaji, na yeye kuandika maoni juu yetu. Tuandike lini? Mara tu baada ya kulipa? Mzigo ukifika? Au baada ya kuufungua na kuujaribu? Na nani aanze, mnunuzi au muuzaji?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini kuanzia mwaka 1996 hadi 2008 liliwagombanisha wanunuzi na wauzaji wa eBay, soko kubwa la minada ya mtandaoni lililoanzia Marekani. Watu waliokuwa wakijipatia riziki humo waliliona kuwa ni suala la mkate wao. Wataalamu wa uchumi waliandika makala juu yake, na mwishowe wenye soko walilazimika kubadili sheria. Nimeona niilete historia hiyo hapa kwa sababu inatuhusu kila tununuapo kitu kwa mtu tusiyemjua, na kwa sababu ina funzo lililo kubwa kuliko biashara yenyewe: ushahidi una wakati wake, na shahidi anayeogopa kulipiziwa kisasi hatoi ushahidi, anatoa salamu tu.

Mnada unaoonekana na mnada usioonekana

Mnada si kitu kigeni kwetu. Mombasa pana mnada wa chai, na kabla ya siku ya kuuza sampuli husambazwa kwa wanunuzi, waonjaji wakaonja, ndipo bei zikatajwa. Katika minada ya ng'ombe huko bara, mnunuzi humzunguka mnyama, akamtazama meno na kwato, akampapasa mgongo. Muuzaji naye yupo pale pale, amesimama na fimbo yake. Mambo yakiharibika, kwao kunajulikana.

Tumekuwa pia na biashara ya mbali, ambayo anayetoa mali hamwoni anayeipokea kwa miezi na hata miaka. Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na utaratibu ulioitwa mali kauli. Tajiri wa mjini aliwapa wafanyabiashara wa misafara nguo, shanga na waya kwa kauli tu, na malipo yalikuja msafara uliporudi kutoka bara. Taria Topan, tajiri mwenye asili ya Kihindi, alimkopesha bidhaa Hamed bin Muhammed, yule anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Biashara ile ilikuwa ya pembe, lakini pia ilichanganyika na watumwa, na hatuitaji hapa ili kuisifu. Tunaitaji kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni kwamba sifa ya mkopaji haikutegemea maneno ya mdai na mdaiwa peke yao. Ilibebwa na watu wa tatu: mabaharia, makarani, wapagazi waliorudi, wazee wa barazani. Mtu akila mali ya watu, habari ilifika pwani kabla yake, na aliyeileta hakuwa na deni naye.

Katika mnada wa mtandaoni shahidi wa tatu hayupo. Wapo wawili tu, muuzaji na mnunuzi, kila mmoja mjini kwake, na pengine hawatakutana maisha yao yote. Kila mmoja ni shahidi juu ya mwenzake, na papo hapo ni mshitakiwa mbele ya mwenzake. Hiyo ndiyo mizizi ya ugomvi wote utakaofuata.

Soko lilipoanza

Mwanzoni mwa Septemba 1995, mtaalamu wa programu aitwaye Pierre Omidyar, aliyezaliwa Paris kwa wazazi wa Kiirani na kuishi California, alifungua tovuti ndogo ya minada iliyoitwa AuctionWeb. Kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyokwisha kuharibika, nayo ilipata dola 14 na senti 83. Inasimuliwa kwamba Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa kifaa hicho ni kibovu. Mnunuzi akajibu kuwa ameelewa, kwani yeye hukusanya vifaa vya aina hiyo vilivyoharibika. Ubovu wa kitu hauharibu biashara. Kinachoharibu biashara ni ubovu uliofichwa.

Soko lilipokua, Omidyar akaanza kupokea malalamiko. Huyu anasema hakuletewa mzigo, yule anasema hakulipwa. Hakuwa na wafanyakazi wa kuamua kesi, na hakutaka kuwa kadhi wa kila ugomvi. Tarehe 26 Februari 1996 aliwaandikia watumiaji wake waraka mfupi. Alieleza imani yake kwamba watu wengi ni waaminifu, ingawa wapo wachache wasio hivyo, akawafungulia mahali pa kuandika maoni hadharani: kusifu panapostahili sifa na kulalamika panapostahili lalamiko.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Maoni mazuri yaliongeza pointi 1, ya kati hayakuongeza wala kupunguza, na mabaya yalipunguza pointi 1. Aliyeteremka hadi hasi 4 alifungiwa mlango. Hapo mwanzo mtu yeyote aliweza kuandika juu ya mtu yeyote, hata kama hawakuuziana kitu, kwa hiyo marafiki walisifiana na maadui wakachafuana. Baadaye, kufikia karibu na mwaka 2000, maoni yalifungamanishwa na mauzo halisi: huna neno juu ya mtu usiyefanya naye biashara.

Hilo liliziba tundu moja. Lakini hakuna aliyeandika sheria ya nani aanze.

Nani amemaliza kazi yake?

Ili kuelewa ugomvi wenyewe, tukumbuke namna watu walivyolipana wakati ule. Mnunuzi alituma hundi au hawala ya posta ndani ya bahasha. Muuzaji aliipokea, akaipeleka benki, akasubiri hundi ikubaliwe, ndipo akatuma mzigo. Hata malipo ya kielektroniki yaliposhika kasi, na eBay ikainunua kampuni ya PayPal mwaka 2002, mpangilio haukubadilika: pesa hutangulia, mzigo hufuata.

Wanunuzi wakajenga hoja yao juu ya mpangilio huo. Wajibu wangu, alisema mnunuzi, ni mmoja tu, nao ni kulipa. Nimelipa siku ile ile, sasa kazi yangu imekwisha. Wewe muuzaji una kila unachohitaji ili useme mimi ni mnunuzi wa namna gani. Basi andika sasa, kabla hata hujatuma mzigo. Mimi nitaandika nitakapoupata na kuukagua, kwa sababu kabla ya hapo sina ninachokijua juu yako.

Wauzaji nao walikuwa na hoja. Biashara, walisema, haiishi kwa malipo. Mnunuzi anaweza kupokea kitu kizima akadai kimevunjika. Anaweza kwenda benki yake na kurudisha malipo yaliyofanywa kwa kadi. Anaweza kuandika maneno mabaya bila hata kutuuliza. Kwa hiyo tutamhukumu biashara ikiisha, na biashara inaisha mnunuzi anaposema kwamba ameridhika.

Ukizisikiliza hoja hizi kwa utulivu, utaona kwamba ile ya wanunuzi inazungumzia wajibu, na ile ya wauzaji inazungumzia ulinzi. Muuzaji hakuwa akingoja kupata habari zaidi juu ya malipo, kwani pesa zilikwisha ingia. Alikuwa akingoja kuona mwenzake atasema nini.

Na uzito haukuwa sawa pande zote. Chukua muuzaji mwenye maoni 3,000. Alama nyekundu moja kwake ni tone baharini. Mnunuzi mgeni mwenye alama 9 za kijani akipata nyekundu moja, sifa yake inashuka mara moja hadi asilimia 90, na baadhi ya wauzaji watakataa hata kumwuzia. Kwa hiyo vita vikizuka, mdogo ndiye aliyeumia zaidi, naye alilijua hilo kabla vita havijaanza.

Maoni yakawa mateka

Kuna wauzaji waliotamka utaratibu wao waziwazi: tutakuandikia ukishatuandikia. Hata programu za kuendeshea mauzo zilikuwa na chaguo mbili kwa wauzaji. Moja ilituma maoni mazuri yenyewe mara malipo yalipofika. Nyingine iliyazuia mpaka mnunuzi naye alipokwisha kuandika mazuri. Nakumbuka mwaka 2004 nilinunua kipimo cha umeme kilichotumika katika mnada mmoja wa mtandaoni, na ndani ya kisanduku nikakuta kikaratasi kilichochapwa vizuri: ukiridhika tuandikie, nasi tutakuandikia siku hiyo hiyo, usiporidhika, usiandike lolote kabla ya kuwasiliana nasi. Kipimo kilikuwa kizima. Lakini kikaratasi kile kilinifanya niutazame upya ukurasa wa sifa za muuzaji yule, ule uliokuwa umenivutia. Je, wote wale waliomsifu walikuwa wameridhika, au walikuwa wamesoma kikaratasi?

Wataalamu walikuwa wameshaanza kujiuliza hivyo. Paul Resnick na Richard Zeckhauser walichunguza mauzo ya eBay ya mwaka 1999, wakakuta kwamba wanunuzi waliandika maoni katika takriban nusu ya mauzo, na kwamba yaliyokuwa mabaya hayakufika hata asilimia 1 ya yote yaliyoandikwa. Matokeo hayo yanafurahisha ukiyasoma haraka. Ukiyasoma polepole yanatia shaka. Ni soko gani duniani, ambamo wasiojuana wanauziana vitu vilivyotumika kwa njia ya posta, na karibu kila mtu akaridhika?

Jibu lilikuwa limejificha katika ile nusu iliyonyamaza. Mwaka 2008 Chrysanthos Dellarocas na Charles Wood walichapisha utafiti uliotumia mauzo ya sarafu adimu za kale. Walitazama nani ameandika, nani ameanza, nani amenyamaza na kwa muda gani, wakakadiria yale yaliyokuwa moyoni mwa walionyamaza. Makadirio yao yalionyesha kwamba kama mnunuzi mmoja kati ya watano hakuridhika kikamilifu. Linganisha hilo na ile asilimia isiyofika 1. Tofauti baina ya namba hizi mbili ndiyo bei ya woga.

Mbinu ilikuwa hivi. Mnunuzi aliyepata kitu chenye kasoro alipima: nikiandika ukweli, kesho nitaamka na alama nyekundu kwangu. Akaamua kunyamaza. Mwingine, mkali zaidi, aliandika, na kweli kisasi kilikuja muda mfupi baadaye. Wengine wakajifunza kungoja mpaka saa za mwisho za muda uliowekwa, wakaandika kisha mlango ukafungwa mwenzao asipate nafasi ya kujibu. Palikuwa pia na utaratibu wa pande mbili kukubaliana kufuta maoni yao. Nia yake ilikuwa suluhu, lakini uliwapa wakorofi nguvu ya ziada: nakupiga nyekundu, kisha nakuambia tufute zote mbili, na lalamiko lako la haki linatoweka pamoja na uzushi wangu.

Jicho la mhandisi

Neno la Kiingereza linalotumika kwa maoni haya lilitoka katika fani yetu ya uhandisi wa umeme, na kwa Kiswahili wengi wetu tunaliita mrejesho. Maana yake ni kuchukua sehemu ya kinachotoka katika mtambo na kukirudisha mwanzoni ili mtambo ujirekebishe. Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, alibuni kikuza sauti chenye mrejesho hasi, na simu za masafa marefu zikapata sauti safi. Katika fani yetu mrejesho hasi ndio unaotuliza mtambo. Mrejesho chanya ndio ule mlio mkali unaowafanya waalikwa wazibe masikio harusini, mikrofoni inapoelekezwa kwenye spika.

Soko la mnada liligeuza mambo. Kila mtu alitaka chanya tu, akaona hasi ni tusi. Matokeo yake yalikuwa kama ya mikrofoni na spika: sifa ikazaa sifa, kelele ikapanda, na habari ikapotea ndani yake.

Mhandisi ana kanuni nyingine mbili zinazofaa hapa. Ya kwanza ni kwamba kipimo kisifungwe kwa kile kinachopimwa. Kipimajoto kinachoogopa mgonjwa atakasirika kitasoma nyuzi 37 kila siku mpaka siku ya maziko. Ya pili ni kwamba mrejesho unaochelewa ni hatari kama mrejesho wa uongo. Ukioga bafuni, maji ya moto yakachelewa kufika, unafungua bomba zaidi, kisha yanakuunguza. Vivyo hivyo katika mnada: anayengoja hadi siku ya mwisho ili alipe kisasi au akwepe kisasi, anawaacha wanunuzi wengine wakiendelea kununua kwa muuzaji yule yule bila ya kuonywa.

Kwa hiyo wakati wa kuandika si suala la adabu tu. Ukiandika mapema mno hujui ulisemalo, na ukichelewa mno hulisaidii soko. Ukiandika kwa kumtazama mwenzako badala ya kuutazama mzigo, umeandika habari za mwenzako na si za mzigo.

Mageuzi ya 2007 na 2008

Wenye soko walijaribu dawa kwa hatua. Mwaka 2007 eBay ilianzisha nyota za kina, ambazo mnunuzi peke yake aliweza kumpa muuzaji, kuanzia 1 hadi 5, kwa mambo manne: kitu kulingana na maelezo, mawasiliano, kasi ya kutuma, na gharama za kutuma. Muhimu zaidi, nyota hizo zilionyeshwa kwa wastani tu, na muuzaji hakuweza kujua nani ametoa ngapi. Hapakuwa na wa kumlipizia.

Hatua ya pili ndiyo iliyotikisa. Mapema mwaka 2008 ilitangazwa kwamba wauzaji hawataruhusiwa tena kumwandikia mnunuzi maoni mabaya wala ya kati, na sheria ikaanza kutumika Mei mwaka huo. Muuzaji angeweza kumsifu mnunuzi au kunyamaza. Utaratibu wa kufutiana kwa makubaliano nao uliondolewa.

Wauzaji walikasirika. Februari 2008, pamoja na malalamiko yao juu ya mabadiliko ya ada, baadhi yao waligoma kuuza kwa wiki moja. Hatupaswi kuwacheka. Wengi walikuwa wenye duka la chumba kimoja, wastaafu, kina mama waliouza vitu kutoka stoo ya nyumbani. Waliona wamenyang'anywa ngao huku mnunuzi ameachiwa mkuki. Na hofu yao haikuwa ya kubuni. Walijitokeza wanunuzi waliosema: nirudishie sehemu ya pesa, la sivyo nitakupaka wekundu. Soko lililazimika kuwa na kanuni ya kukataza vitisho vya namna hiyo. Walijitokeza pia wauzaji walioandika lawama ndani ya alama ya kijani, mpaka hilo nalo likakatazwa.

Hata hivyo, nikiyapima yote, naona uamuzi ule ulikuwa na haki kwa sehemu kubwa, na sababu yake imo katika ule mpangilio wa pesa kutangulia. Mnunuzi asipolipa, muuzaji bado anacho kitu chake mkononi. Anaweza kuripoti deni, kumzuia mtu huyo asinunue kwake tena, na kuuza kwa mwingine. Mnunuzi akitumiwa kitu kibovu, pesa zimekwisha kwenda. Hatari haziko sawa, basi hata haki ya kusema si lazima iwe sawa. Kosa la sheria ya 1996 lilikuwa kuwapa watu wawili silaha zilizo sawa wakati hatari zao si sawa.

Njia ya bahasha zilizofungwa

Palikuwa na njia nyingine, nayo wahandisi na makandarasi wanaijua kutokana na zabuni. Kila kampuni inaleta bei yake ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha zote zinafunguliwa pamoja mbele ya watu. Hakuna anayeandika bei yake kwa kuchungulia ya mwenzake. Katika maoni ingekuwa hivi: muuzaji aandike, mnunuzi aandike, na maneno yao yafichwe mpaka wote wawili wawe wameandika au muda uishe.

Gary Bolton, Ben Greiner na Axel Ockenfels, waliochapisha utafiti wao mwaka 2013, waliilinganisha njia hii na ile ya nyota za upande mmoja kwa kutumia majaribio ya maabara. Zote mbili zilileta ukweli zaidi kuliko mfumo wa zamani. Wasiwasi juu ya bahasha ulikuwa kwamba watu wengi huandika wakitarajia kuandikiwa, na ukiondoa tarajio hilo, huenda wakaacha kuandika kabisa. eBay ikachagua upande mmoja. Mwaka 2014 Airbnb, kampuni ya kupangisha nyumba za kulala wageni, ilichukua njia ya bahasha: mgeni na mwenyeji wana siku 14, na hakuna anayeona ya mwenzake kabla ya wote kumaliza au muda kwisha. Waliochunguza mabadiliko hayo walikuta kwamba idadi ya walioandika haikupungua bali iliongezeka, na kulipizana kulipungua, ingawa tofauti yenyewe haikuwa kubwa sana. Inaeleweka: aliyelala nyumbani kwa mtu na kunywa chai yake huona haya kumsema vibaya, hata ndani ya bahasha.

Upo pia utafiti wa Chris Nosko na Steven Tadelis wa mwaka 2015, uliofanywa kwa takwimu za eBay yenyewe. Hawa walisema: tusihesabu sifa kwa kuzigawanya kwa maoni yaliyoandikwa, tuzigawanye kwa mauzo yote. Muuzaji aliyeuza mara 100 akapata sifa 80 na lawama 0, si sawa na aliyeuza mara 100 akapata sifa 40 na lawama 0, ingawa wote wawili wataonyesha asilimia 100. Walikuta kwamba wanunuzi walionunua kwa wauzaji wenye kimya kingi hawakurudi sokoni sana. Kumbe kimya nacho kilikuwa kinasema, ila hapakuwa na aliyekihesabu.

Basi tuandike lini?

Kutokana na historia hii, haya ndiyo ninayowashauri jamaa zangu.

Ukiwa muuzaji, andika mara pesa zinapokuwa mikononi mwako. Mnunuzi amemaliza wajibu wake, mpe haki yake, na usiifanye rehani ya sifa zako. Hata katika masoko ambayo muuzaji hawezi tena kuandika mabaya, kuwahi kwako kunamwambia mnunuzi kwamba hungoji chochote kutoka kwake.

Ukiwa mnunuzi, usiandike siku ya kulipa, wala siku kisanduku kilipofika kikiwa bado na gundi yake. Fungua, linganisha na maelezo, chomeka kwenye umeme, kitumie siku mbili tatu. Kikiwa na kasoro, mwandikie muuzaji kwanza, mpe siku chache za kujibu, kwa sababu kosa la kufunga mzigo si wizi. Akirekebisha, sema kwamba palikuwa na kosa na kwamba alirekebisha. Maneno hayo yana faida kwa msomaji kuliko sifa tupu. Akikataa, andika ukweli bila matusi. Usingoje mpaka siku ya mwisho ya muda, ambao kwa eBay ni siku 60, kwani wenzako wananunua leo.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa, tunaonunua ili kupeleka nyumbani. Kontena huchukua wiki nyingi hadi Dar es Salaam au Mombasa. Mjomba akifungua pipa na kukuta taa imepasuka, muda wa kudai umekwisha pita, kwani kwa eBay dai hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kufikishwa mzigo. Zaidi ya hayo, ulinzi huo hauendi na mzigo ambao mnunuzi ameupeleka tena mahali pengine. Kwa hiyo mkaguzi ni wewe wa Leicester, Muscat au Minneapolis, si mjomba. Jaribu kila kitu kabla ya kufunga pipa, na maoni uyaandike wakati huo huo, ukiwa na kitu mkononi.

Mwisho, unaposoma maoni ya wengine, usitazame asilimia pekee. Tazama muuzaji ameuza vingapi na wangapi wameandika, soma lawama chache zilizopo na namna alivyozijibu. Na wewe uliyeridhika usinyamaze kwa uvivu, kwa maana kimya chako kinachanganyika na kimya cha waliodhulumiwa, na anayekuja nyuma yako hawezi kuvitofautisha.